Hewa Baridi na Gharama Yake: Historia ya Gesi ya Kupozea Magari



Kila ifikapo tarehe 16 Septemba, mataifa huadhimisha Siku ya Kimataifa ya Kuhifadhi Tabaka la Ozoni. Siku hiyo iliwekwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 1994, kwa kumbukumbu ya Itifaki ya Montreal iliyotiwa sahihi tarehe kama hiyo mwaka 1987. Huenda askari aliye zamu mpakani Malaba au Mutukula, au fundi aliyelala chini ya gari la kambi, akauliza: mambo ya anga za juu yanihusu nini mimi? Mazungumzo yetu ya leo yanakusudia kuonyesha kwamba yanamhusu sana. Sehemu kubwa ya historia hiyo imepita ndani ya magari, katika mtungi mdogo wa gesi ambao fundi huufungua kwa mikono yake, na ambao askari wa mpakani huuona ukipita mbele ya macho yake.

Yafaa kwanza tueleze kwa ufupi jinsi kiyoyozi cha gari kinavyofanya kazi. Mtu aliyelowa jasho akisimama penye upepo husikia baridi, kwa kuwa jasho linapogeuka mvuke huchukua joto la mwili. Kiyoyozi hufuata kanuni hiyo hiyo, ila jasho lake halikusudiwi kupotea. Gesi ya kupozea hubanwa na kompresa inayozungushwa na mkanda wa injini, ikawa moto na yenye shinikizo kubwa. Hupita katika koili zilizo mbele ya rejeta, ikapoteza joto lake na kugeuka kimiminika. Kisha hupenyezwa katika tundu jembamba, shinikizo likashuka ghafla, ikachemka na kuwa mvuke ndani ya koili zilizo nyuma ya dashibodi. Hapo ndipo inaponyonya joto la ndani ya gari, kabla ya kurudi kwenye kompresa na kuanza safari upya.

Tuzingatie jambo moja katika maelezo hayo. Gesi hiyo hailiwi kama petroli, wala haiishi kwa kutumika. Kiyoyozi kilichopungukiwa na gesi ni kiyoyozi kinachovuja. Jambo hili dogo lilipuuzwa kwa muda wa miaka hamsini, na dunia nzima ikalipa gharama ya kupuuza huko.

Katika miaka ya 1920, majokofu ya nyumbani yalipoanza kuenea huko Marekani, gesi zilizotumika zilikuwa za hatari. Amonia ilichoma macho na mapafu. Dioksidi ya salfa ilikaba pumzi. Gesi ya tatu, methili kloraidi, ilikuwa na hila kuliko zote: ni sumu, huwaka moto, na harufu yake ni hafifu kiasi cha kutoweza kumwamsha mtu aliyelala. Watu walikufa majumbani mwao kwa sababu bomba la jokofu limevuja usiku. Tunaomba msikilizaji alishike jina hili la methili kloraidi, maana tutakutana nalo tena kabla ya kumaliza mazungumzo haya.

Mwaka 1928, kampuni ya General Motors, ambayo ilikuwa pia na biashara ya majokofu ya Frigidaire, ilimpa mkemia wake Thomas Midgley kazi ya kutafuta gesi isiyo sumu wala isiyowaka. Midgley na wenzake walipata mchanganyiko wa kaboni, klorini na florini ambao baadaye ulijulikana kama R-12, na kuuzwa kwa jina la Freon. Mwaka 1930, mbele ya mkutano wa wanakemia wa Marekani, Midgley aliivuta gesi hiyo kwa mapafu yake mwenyewe, kisha akaipumua juu ya mshumaa. Mshumaa ukazimika, naye akabaki mzima. Ushahidi ulitosha kwa wote waliokuwapo. Gesi ilikuwa haiui, haiungui, haiozeshi chuma. Mtu huyo ndiye pia aliyekuwa amegundua mwaka 1921 kwamba risasi ikitiwa katika petroli hutuliza mgongano wa injini. Alifariki mwaka 1944, asijue kwamba kazi zake zote mbili zingekuja kupigwa marufuku na vizazi vilivyomfuata.

Gari la kwanza kutoka kiwandani likiwa na kiyoyozi lilikuwa Packard, lililoonyeshwa mwaka 1939. Mtambo wake ulijaza sehemu kubwa ya buti, na mwenye gari aliyetaka kuuzima wakati wa baridi alilazimika kusimamisha injini, kufunua boneti na kuvua mkanda wa kompresa kwa mkono. Mpango huo haukudumu. Lakini baada ya Vita Kuu ya Pili mafundi waliurekebisha, wakaupunguza na kuuweka mbele ya gari, na kufikia mwisho wa miaka ya 1960 zaidi ya nusu ya magari mapya yaliyouzwa Marekani yalikuwa na kiyoyozi. Karibu yote yalitumia R-12.

Hapo ndipo gari lilipotofautiana na jokofu. Jokofu la nyumbani hutulia mahali pamoja, na mabomba yake yamefungwa kabisa kwa kuchomelewa. Gari hutikisika. Kompresa yake huzungushwa kutoka nje kwa mhimili unaopita katika kizibo cha mpira, na mabomba yake ni ya mpira pia, ili yafuate mitikisiko ya injini. Kwa hiyo kiyoyozi cha gari huvuja kidogo kidogo maisha yake yote. Katika miaka hiyo dawa ya fundi ilikuwa rahisi: kuongeza gesi kila msimu wa joto. Na kama palikuwa na kitu cha kutengeneza, alifungua vali na kuiachia gesi yote iende zake hewani. Nani angemlaumu? Aliambiwa kwamba gesi hiyo haina madhara, nayo ilikuwa rahisi kwa bei.

Lakini kisichoonekana si lazima kiwe kimetoweka. Mnamo mwaka 1971 mwanasayansi Mwingereza, James Lovelock, alisafiri kwa meli ya utafiti hadi kusini ya dunia akiwa na chombo chake cha kupimia, akagundua kwamba gesi za jamii hiyo zilikuwapo katika hewa ya bahari kuu, mbali na kila kiwanda. Mwaka 1974, Mario Molina na Sherwood Rowland wa Chuo Kikuu cha California walitangaza katika jarida la Nature maana ya jambo hilo. Gesi hizi, kwa kuwa haziharibiki hapa chini, hupanda mpaka anga ya juu. Huko miale mikali ya jua huzipasua, na klorini inayotoka huivunja ozoni. Chembe moja ya klorini huweza kuvunja maelfu ya chembe za ozoni kabla ya kutulia. Na tabaka la ozoni ndilo ngao inayozuia sehemu kubwa ya miale ya urujuanimno, ile iletayo saratani ya ngozi na mtoto wa jicho, na kudhuru mimea.

Sifa ile ile iliyowafurahisha watu mwaka 1930, yaani uthabiti wa gesi hiyo, ndiyo iliyogeuka kuwa hatari yake. R-12 hudumu angani kwa muda wa miaka 100 hivi. Gesi iliyoachiwa na fundi mwaka 1975 nyingi yake ingali juu ya vichwa vyetu hata leo.

Viwanda vilivyotengeneza gesi hizo vilipinga, vikidai kwamba hayo ni makisio tu. Marekani ilikataza mwaka 1978 matumizi mengi ya gesi hizo katika makopo ya kupuliza manukato, lakini viyoyozi vya magari viliachwa. Ndipo mwaka 1985 Waingereza watatu, Joseph Farman, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin, walipotoa vipimo vya kituo cha Halley Bay huko Antaktika. Vilionyesha kwamba kila majira ya kuchipua ya huko kusini, ozoni ilikuwa ikipungua kwa kiasi ambacho hakuna aliyekitarajia. Ubishi ukaanza kuisha.

Ndugu wasikilizaji, katika hatua iliyofuata Afrika ya Mashariki ilikuwa na nafasi yake. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake makuu yako Nairobi, lilikuwa likiongozwa na Mmisri, Dk. Mostafa Tolba. Yeye ndiye aliyezivuta pande zilizokuwa zikivutana, matajiri na maskini, wenye viwanda na wasio navyo, mpaka Itifaki ikatiwa sahihi mjini Montreal mwaka 1987. Sekretarieti ya Itifaki hiyo iko Nairobi hadi leo. Uganda na Kenya zilijiunga nayo mwaka 1988, kabla haijaanza kutumika tarehe 1 Januari 1989. Nchi zinazoendelea zilipewa muda zaidi, na mfuko maalumu wa kuzisaidia. Nchi tajiri zilitakiwa ziache kutengeneza R-12 na jamaa zake kufikia tarehe 1 Januari 1996, na nchi zinazoendelea kufikia tarehe 1 Januari 2010. Leo hakuna taifa la Umoja wa Mataifa lililo nje ya Itifaki hiyo.

Badala ya R-12, viwanda vya magari vilichagua gesi isiyo na klorini, iitwayo R-134a. Magari mapya yalianza kuitumia mapema katika miaka ya 1990. Lakini je, magari ya zamani yangefanywaje? Swali hilo ndilo kiini cha mazungumzo yetu, maana hapo ndipo pupa na ujinga vilipopata mwanya.

Wapo waliodhani kwamba ni kazi ya kumimina tu: gesi ya zamani ikiisha, tia mpya juu yake. Sivyo hata kidogo. Kompresa hulainishwa na mafuta yanayosafiri pamoja na gesi. Mafuta ya madini yaliyotumika na R-12 hayachanganyiki na R-134a. Hubaki yamelala katika mabomba, na kompresa ikakauka na kukwama. Kwa hiyo anayebadilisha mtambo wa zamani hana budi kufuata taratibu. Ainase gesi ya zamani kwa mashine na kuihifadhi katika mtungi wake, wala asiiachie hewani. Amwage mafuta ya zamani, na kutia mafuta ya esta au yale yaitwayo PAG. Abadilishe vizibo vya mpira vilivyochakaa, pamoja na chujio la kukaushia unyevu, kwani dawa ya kukaushia ya zamani haikubaliani na gesi mpya. Aivute hewa na unyevu wote kwa pampu. Atie gesi mpya kwa kupima uzito, kwa kawaida baina ya asilimia 80 na 90 ya uzito wa zamani, kwa kuwa R-134a huwa na shinikizo kubwa zaidi panapokuwa na joto kali. Mwishoni aweke midomo ya kujazia ya namna mpya, na abandike karatasi inayosema ni gesi gani na mafuta gani yaliyomo.

Askari huenda akaiona karatasi hiyo kuwa ni jambo dogo. La hasha. Midomo ya R-12 ilikuwa ya kufunga kwa hesi, na ile ya R-134a ni ya kubana, yenye vipimo tofauti, kusudi mpira wa gesi moja usiweze kuingia katika mtambo wa gesi nyingine. Fundi anayetengeneza kiungo chake cha kienyeji ili alazimishe kuingiza, au anayeondoka bila ya kuandika alichotia, amemtegea mtego fundi mwenzake atakayekuja baada yake. Ni sawa na mlinzi anayeondoka zamu bila ya kumkabidhi mwenzake taarifa.

Tena, marufuku ilileta magendo. Serikali ya Marekani ilianza mwaka 1990 kutoza kodi kubwa juu ya gesi hizo, bei ya R-12 ikapanda, na katikati ya miaka ya 1990 bandari za Florida zikawa njia kuu ya kuiingizia kwa siri. Wengine waliandika katika hati kwamba shehena inapita tu kwenda nchi nyingine, nayo ikateremshwa na kuuzwa hapo hapo. Wengine walidai kuwa ni gesi iliyokwisha kutumika na kusafishwa, ambayo biashara yake iliruhusiwa, kumbe ni mpya kutoka kiwandani. Polisi na forodha walilazimika kuunda kikosi cha pamoja. Somo hilo lilifanya mwaka 1997 Itifaki irekebishwe, na kila nchi ikatakiwa kuwa na leseni za kuingiza na kutoa gesi hizo.

Na wapo waliotafuta njia ya mkato. Waliuza michanganyiko ya propani na gesi nyingine za kupikia, wakisema yaingia moja kwa moja badala ya R-12. Ni kweli kwamba gesi hizo hupoza vizuri. Lakini huwaka moto, na koili za gari ziko hatua chache tu kutoka usoni pa dereva na abiria. Mtambo uliobuniwa kwa gesi isiyowaka haukutengenezwa kumkinga mtu na gesi iwakayo.

Sasa turudi kwa ile methili kloraidi tuliyoitaja mwanzoni. Katika miaka ya 1920 iliua. Baada ya 1930 ilianza kuachwa. Mwaka 2011 ikarudi. Makontena ya baridi yabebayo vyakula kwa meli yalianza kulipuka bandarini, na wafanyakazi watatu wakapoteza maisha. Uchunguzi ulionyesha kwamba makontena hayo yalitiwa huko Vietnam gesi iliyoandikwa R-134a, kumbe ndani yake mlikuwa na methili kloraidi. Gesi hiyo ikikutana na alumini ya kompresa huzaa kitu kinachowaka mara kinapoguswa na hewa. Mamia ya makontena yaliondolewa katika kazi. Basi sumu ambayo wakemia walihangaika kuiondoa zaidi ya miaka 80 kabla, ilirudi kwa sababu ya tamaa ya mfanyabiashara, ndani ya mtungi mzuri wenye jina la gesi salama. Waliokufa hawakuwa wenye biashara hiyo. Walikuwa wafanyakazi waliofanya kazi yao ya siku.

Wala R-134a yenyewe haikuwa mwisho wa safari. Haidhuru ozoni, lakini ikiachiwa hewani hutunza joto la dunia zaidi ya mara 1,300 kuliko uzito ule ule wa hewa ya kaboni. Kwa sababu hiyo mataifa yalikutana hapa jirani, mjini Kigali, na tarehe 15 Oktoba 2016 yakakubaliana kupunguza gesi za jamii hiyo hatua kwa hatua. Marekebisho ya Kigali yalianza kutumika tarehe 1 Januari 2019. Magari mapya ya Ulaya yamekwisha kuhamia gesi nyingine, hasa ile iitwayo R-1234yf, ambayo hutunza joto kidogo sana lakini huweza kuwaka kwa kiasi kidogo. Kila gesi huja na sharti lake.

Msemaji wenu aliwahi kusimama katika gereji moja, akamwona kijana akibonyeza vali ya gari kuukuu. Gesi ilitoka kwa mlio mkali, ikaacha ukungu mweupe kidogo, na kimya kikarudi. Alipoulizwa ilikuwa gesi gani, alijibu, "Ni gesi ya AC tu, mzee." Hakuwa mtu mbaya. Hakuna aliyemfundisha. Lakini katika jibu hilo fupi mna historia yote tuliyoisimulia: gesi bila ya jina, na hewa ichukuliwayo kuwa jalala.

Basi tutoe hitimisho. Kwa fundi wa jeshi na polisi: kabla ya kutia gesi, jua kilichomo, kabla ya kuongeza, tafuta panapovuja, usiachie gesi hewani, usichanganye, na andika ulichofanya. Gari kuukuu ambalo haliwezi kubadilishwa kwa taratibu, heri litembee madirisha wazi kuliko kutiwa gesi ya kubahatisha. Kwa askari aliye mpakani: rangi ya mtungi si ushahidi, maana mtu yeyote aweza kupaka rangi. Linganisha maandishi ya mtungi na hati, na panapokuwa na shaka, omba gesi ipimwe kwa kitambuzi. Na ukiona mitungi mipya inayong'aa yenye jina la R-12, kumbuka kwamba mwaka 2010 ndio uliokuwa mwisho wa kutengenezwa kwake kwa matumizi kama hayo. Hapo pana jambo la kuulizwa.

Kazi hiyo haiendi bure. Wanasayansi wa Umoja wa Mataifa walitangaza mwanzoni mwa mwaka 2023 kwamba tabaka la ozoni linapona. Mambo yakiendelea hivi, litarudia hali ya mwaka 1980 kufikia mwaka 2040 katika sehemu kubwa ya dunia, na kufikia mwaka 2066 hivi juu ya Antaktika. Ni mara chache wanadamu wamekubaliana kuziba tundu walilolitoboa wenyewe. Midgley aliuzima mshumaa kwa pumzi moja, na watu wakashangilia. Kulirudisha lililoharibika kunahitaji muda wa maisha ya mtu mzima, na uaminifu wa watu wengi wasiojulikana majina, kila mmoja penye vali yake na penye kizuizi chake cha barabara.